Nguo za Ploti ya Mirumbe

Kijiwe chetu cha Osiri ni gogo moja na mawe mawili, ng'ambo ya ploti ya Mirumbe, safu ya vyumba vya kupangisha, na hapo ndipo Rispa huleta birika lake la kahawa jua likianza kulegea. Zamani hungepata pa kukalia. Tangu mashimo ya dhahabu yajae maji, wachimbaji wamefunganya wakafuata bahati kwingine, na vyumba vimebaki kuangaliana. Scovia alikaa mwisho wa gogo, amechoka hoi, macho kwenye kamba za nguo. Katika vyumba vyote vya Mirumbe, kimoja tu kilikuwa na mtu, na mtu mwenyewe ni yeye. Mirumbe alikuwa amemwambia wazi: asipopatikana mpangaji mwingine kufikia Jumapili, anang'oa mabati yote akayauze Isebania. Kwa hiyo akamwagiza kila asubuhi aanike nguo zake mbele ya kila mlango, wapita njia wadhani ploti imejaa. Alianika, maana hakuwa na pa kwenda. Na kesho ndiyo Jumapili.

— Mirumbe ni mjanja, yawa, alisema Kerosi, aliyeitwa Injinia kwa kuwa alichimba shimo likaporomoka bila kumgusa. Akufukuzaye hakwambii toka. Anakwambia anika nguo.

— Si angepunguza tu kodi? aliuliza Scovia.

— Apunguze? Willis alicheka. Huyu walimwita Breki, kwa kuwa pikipiki yake haikuwa nazo. Wenye ploti wote walikutana Isebania, alisema, wakala kiapo. Kodi haishuki hata kama ni panya watalala ndani.

— Kiapo gani?

— Cha mbuzi. Mbuzi mzima, wakamaliza.

— Breki, wewe unaona karibu, alisema Injinia. Hao wanalipwa na watu wa Sirare, ng'ambo ya mpaka. Siku mpaka utasogezwa hapa Osiri, Watanzania wapate nyumba ziko tayari.

— Usogezwe na nani? aliuliza Breki.

— Na dhahabu! Dhahabu inatembea chini kwa chini, msee. Ikivuka, inavuta mpaka. Ndio maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia, omera. Kunywa kahawa.

Scovia hakucheka. Usiku uliopita upepo ulibamiza mlango wa chumba cha mwisho hadi kukapambazuka, naye akalala amesukuma kitanda kikaziba mlango wake. Alikuwa anaogopa, tena alishachoka kuogopa peke yake.

Boda ikasimama mbele yao. Akashuka mwanamke mwenye mtoto mgongoni, godoro limefungwa nyuma kwa mpira. Akasema anaitwa Damaris, ametoka Muhuru Bay, anataka kuuza samaki wa omena hapa sokoni.

— Nimeambiwa kwa Mirumbe kuko na chumba. Hapo ni pazuri?

— Pazuri sana! Injinia alidakia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si unaona vile kumejaa?

Damaris aliziangalia zile kamba moja moja.

— Mbona nguo zote ni za mwanamke mmoja? Hata nepi hakuna.

Breki alikohoa.

— Huko watu wako saizi moja.

Damaris akamgeukia Scovia.

— Dada, wewe unakaa hapo?

— Nakaa.

— Usiku nikipiga nduru, nani atatoka?

Scovia alimtazama mtoto, aliyekuwa akinyonya kidole bila haraka. Uongo kidogo tu, na mabati yangebaki juu, na usiku angesikia mtu akigeuka kitandani upande wa pili wa ukuta. Alilitamani hilo kuliko chochote. Ulimi ukakataa.

— Mimi, alisema. Niko peke yangu.

— Na wewe ukipiga?

Breki alijishughulisha na kiatu chake. Rispa aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Scovia, likatoa makapi.

— Pole, dada, alisema Damaris. Akakaza mpira wa godoro, akapanda, boda ikarudi ilikotoka.

Scovia alivuka barabara. Akaanza kuanua, mlango baada ya mlango, hadi ule wa mwisho. Nguo za ploti nzima ziliingia zote kwenye mfuko mmoja.