Kibao cha Ng'ambo ya Barabara

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma shule za karibu na nyumbani, akifaulu hesabu na kushindwa kukaa kimya.

Mwaka 1984 aliajiriwa kwenye duka la bunduki za uwindaji, wenzake wakambatiza jina la Mzee Lenzi angali kijana. Kazi yake ilikuwa kupima darubini za kufungwa juu ya bunduki na kuwashauri wawindaji. Bei haikumbabaisha. Jua likizama, alizibana darubini mbilimbili kwenye meza ya dirishani, akazielekeza kwenye kibao cha fundi cherehani ng'ambo ya barabara: TUNASHONA NA KUREKEBISHA. Iliyoendelea kuonyesha herufi wakati mwenzake imeshaingia giza ndiyo aliyoisifia.

Siku moja fundi mwenyewe alivuka barabara, tepu shingoni. "Wewe kaka, kila jioni unanichungulia. Huoni haya?"

"Samahani dada, nasoma kibao tu."

"Basi njoo ukisome kwa karibu."

Walifunga ndoa tarehe 10 Juni 1989, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwanzoni mwa 2022 alianza kulalamika kwamba kila darubini, hata ya bei mbaya, ina ukungu. Alizirudisha kwa waagizaji, akagombana nao. Kisha akalaumu kibao. Wifi yangu akakipaka rangi upya. Bado. Kaka alilinganisha vioo maisha yake yote, lakini hakuwahi kulinganisha macho yake. Wifi ndiye aliyemwambia, "Baba watoto, hebu tumia jicho la kushoto." Alisoma herufi zote. Akakaa chini.

Nyuma ya jicho la kulia kulikuwa na uvimbe, na saratani ilishasambaa. Daktari alisema angewahi, angepoteza jicho tu. Maneno hayo yanatuuma mpaka leo, na hatutajifanya yametupoa.

Alipolazwa, wifi alikifungua kibao mlangoni kwake, akakitundika ukutani mbele ya kitanda. Kila jioni kaka alikisoma kwa sauti. Jioni ya tarehe 16 Oktoba 2023 alishindwa, wifi akamsomea. Alifariki alfajiri yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu zake. Kibao kimerudi mlangoni. Pumzika kwa amani, kaka. Jioni zilizobaki tutakusomea sisi.