Mwalimu Filister na Sentensi ya Bonface

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Kiingereza, Mwalimu Filister Obiero anastaafu tarehe 30 Aprili 2025. Alianzia kisiwani Takawiri, akahamia Karungu, kisha akaja kwetu Awendo mwaka 2007.

Somo lake maarufu ni kitenzi-jina, kile Waingereza wanachokiita "gerund". Kule Takawiri alilifundishia ufuoni, mbele ya mvuvi mmoja, Javan. "Javan is fishing": hapo Javan yuko kazini, hicho ni kitenzi. "Fishing feeds us": hapo uvuvi wenyewe umekuwa jina. Javan alizoea kusimama akiwangoja wanafunzi waandike, hadi Mwalimu akamsihi aendelee kuvuta wavu, la sivyo sentensi ya kwanza ingekuwa ya uongo.

Mwaka 2011 nilikuwa naibu mwalimu mkuu. Wanafunzi watano wa kidato cha nne walirudi kutoka tamasha la muziki Homa Bay wakinuka pombe. Mwenzao Bonface hakunuka, ila aliketi nao basini, kwa hiyo naye akaandika maelezo: "I stopped to drink in Homa Bay." Mimi ndiye niliyeisomea bodi sentensi hiyo. Alisimama Homa Bay, akanywa. Tungetaka nini zaidi? Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari, miezi miwili kabla ya mtihani.

Mwalimu Filister akaomba kijana aitwe.

"Hebu yaseme hayo kwa Kiswahili," alimwambia.

"Madam, niliacha kunywa nikiwa Homa Bay, mwaka jana, kabla nikuje hapa."

Akatugeukia, akaeleza bila haraka. Kiswahili kina "kunywa" moja tu, nayo inatosha kote. Kiingereza hutenganisha: ukiacha tabia, tabia hiyo huwa jina, "stopped drinking", ukisimama ili unywe, ndipo useme "stopped to drink".

"Kijana amekosea sarufi," alisema. "Hilo nitamwadhibu mimi."

Dereva wetu, Caleb, akaitwa pia. Alithibitisha kwamba basi liliposimama kutia mafuta, wale watano walishuka, Bonface hakushuka.

Niliichana barua, kisha nikamwomba kijana msamaha. Haikuwa rahisi. Adhabu ya Mwalimu ilikuwa sentensi hamsini, na alizisahihisha zote. Leo Bonface ni muuguzi Karungu.

Mwalimu, kwa niaba ya walimu wenzako, asante kwa kusikiliza kabla ya kuhukumu. Ero kamano, asante sana. Kapumzike salama, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya utulivu.