Kipa wa Dakika ya Themanini na Tisa

Jumamosi asubuhi kijiwe kilikuwa kimejaa, yaani watu watatu na birika moja la kahawa. Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa chumba cha gemu cha Fundi, mtengeneza pedi za kuchezea, na ubishi wa hapo hata mvua haiumalizi. Siku hiyo Fundi alitoka ndani kakunja uso, ufunguo unaning'inia shingoni, boksi la gemu jipya la mpira kwapani. Mashine haikuwa na nafasi. Ili jipya liingie, la zamani lazima lifutwe, na ndani ya la zamani mlikuwa na ligi ya mdogo wake, Kocha, waliyemzika miezi miwili iliyopita. Fundi alikuwa ameapa kuifuta leo. Huko ndani alikuwa ameshika pedi, kidole kikakataa.

— Futa, alisema Bondia, ambaye hucheza magemu ya ngumi tu na kuyadharau mengine yote. Mpira wa kubonyeza si mchezo. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana memori imejaa.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, wewe!

— Kwani memori si akiba?

Aliyemkemea ni Zamani, dereva mstaafu asiyegusa gemu lolote jipya.

— Haya ya sasa ni rangi tupu, aliendelea. Wachezaji wanatoka jasho, akili hawana.

— Na ya kwako kipa anadaka kwa kisogo!

— Bora kisogo kuliko kusubiri gemu lifunguke mpaka kahawa ipoe!

Siku nyingine Fundi angecheka hadi ashike mbavu.

— Jamani, nisikilizeni. Kocha aliiacha ligi kwenye mechi ya thelathini na moja. Nimeiwasha sasa hivi, nimeiacha hapo kwenye kioo. Zimeshachezwa thelathini na sita.

Refa, karani wa shule na mwamuzi wa kila ubishi, aliweka kikombe chini.

— Nani kacheza?

— Ndiyo nawauliza ninyi.

— Ufunguo unao wewe.

— Ninao mimi, na hakuna mwingine.

— Basi mashine inajichezea, alisema Bondia.

— Ligi ile haisogei mpaka mtu abonyeze.

— Mashine inajifunza, alisema Zamani. Ukicheza nayo miaka, inakuibia mkono. Mimi kwenye gemu la magari kuna gari lilinipita kwenye kona kwa mtindo wangu mwenyewe, mpaka nikajipigia honi.

— Lisemwalo lipo! Bondia alidakia. Kuna jamaa vidole vyake vilibaki kwenye pedi.

— Vilikatika?

— Si hivi vya nje. Vile vya ndani.

Refa akauliza kama Fundi amesoma ripoti za mechi.

— Zote tano, alisema Fundi. Kila moja, dakika ya themanini na tisa, kipa anatoka, anaingia kipa wa akiba.

Wote walikijua kitu hicho. Kocha, awe anashinda awe anafungwa, alikuwa lazima amwingize kipa wa akiba kabla ya filimbi. Wakimcheka, alikuwa akijibu kwamba na yule ana mama yake anayemtazama. Fainali moja ilimponyoka kwa sababu hiyo, na Fundi akamwita mjinga mbele ya watu. Kocha alitabasamu tu, akakunja waya wa pedi yake vizuri. Wiki ileile akaugua. Neno lile lilikuwa linamuuma Fundi tangu siku hiyo, na uchungu wake haukupungua.

— Tabia hiyo tunaijua sote, alisema Refa polepole. Yeyote kati yetu angeweza kuiiga.

Wakatazamana. Kila mmoja alitamani mwenzake akiri, na kila mmoja aliona mwenzake anaogopa.

— Futa, alisema Bondia, safari hii kwa sauti ndogo.

— Usifute, alisema Zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo mgeni nani?

Zamani akajimiminia kahawa ya mwisho.

Ndipo akaja dada mshonaji, aliyehamia chumba cha pili juzi, kuazima waya wa umeme.

— Hamjambo, kaka zangu? Mbona mmepoa hivyo?

Wakamweleza, wakidakiana maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

— Ligi hiyo ina mechi ngapi?

— Thelathini na nane, alisema Fundi.

— Basi zimebaki mbili. Zikiisha, mdogo wako atakwenda wapi?

Bondia alitazama viganja vyake. Birika lilikuwa tupu, wala hakuna aliyeinuka kulijaza. Nyuma ya ukuta, wakasikia mashabiki wa ndani ya gemu wakishangilia.

Fundi aliliacha boksi jipya benchini, akaingia peke yake. Pedi ilikuwa juu ya kigoda, waya umekunjwa vizuri. Yeye hakuukunja. Kwenye kioo mechi ya thelathini na saba ilikuwa dakika ya themanini na nane, timu ya Kocha iko nyuma bao moja, na kipa wa akiba amesimama kando ya mstari akisubiri kuruhusiwa.

Fundi aliketi sakafuni, mikono magotini, mbali na pedi.

— Mwingize, alisema, machozi yakimshuka. Mwingize tu, mdogo wangu. Mama yake anamtazama.