Atakayemwambia Lea

Kaeni wote, na wewe mama mkwe wangu usirudi jikoni, nataka nawe usikie, maana kesho alfajiri gari linanipeleka Dodoma kupasuliwa moyo na daktari wa huko amesema wazi kwamba naweza nisirudi. Wosia ni kazi ya wazee, najua, mimi nina miaka ishirini na saba na mtoto mmoja wa miaka sita, lakini pumzi ni chache na maneno ni mengi, kwa hiyo mkiona naruka huku na huku nifuateni hivyo hivyo.

Vitu havina mambo mengi. Cherehani ni ya mdogo wangu Selina. Mbuzi wawili walioko Misigiri kwa mjomba ni wa Lea, hawachinjwi, hata kwenye msiba wangu hawachinjwi, Baba Lea umesikia. Shamba la alizeti ni lako, na ukioa, na utaoa, usinikunjie uso hivyo, mwambie huyo mwanamke kwamba Lea hali ugali bila mlenda, asije akadhani ni kiburi.

Sasa wewe Selina, mwanafunzi wa uuguzi. Majibu yangu yalipotoka aliitwa mama mkwe huyu pembeni, ndiyo desturi yetu, habari mbaya ya mke huanzia kwa wakwe, na wewe ulikuwa umesimama pale na sare yako ya chuo ukasikia yote. Siku kumi na moja nikachinjiwa kuku nisiowaomba, nikakatazwa kuteka maji, nikiuliza naambiwa ni damu tu imepungua. Mmefundishwa kutunza siri ya mgonjwa, mkamficha mgonjwa mwenyewe. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha kitu, nilifichwa.

Na siku hizo hizo ukaja na karatasi yako, una mtihani wa mawasiliano na ushauri nasaha, unataka niwe mgonjwa wako wa mazoezi. Ukavuta kigoda, ukajitambulisha kama hatujuani, ukauliza, "Dada, una wasiwasi wowote?" Nikasema sina, ukaweka tiki. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda mpaka vidole vinauma, lakini macho yako yalikuwa kwenye karatasi. "Umeelewa maelezo niliyokupa?" Nikasema ndiyo, na hukuwa umenipa maelezo yoyote, ukaweka tiki nyingine. Ukafaulu kuliko darasa zima, tukacheka, nikakuita muuguzi mkuu. Tulidanganyana, mdogo wangu. Wewe ulijua nisichokijua, na mimi niliogopa nikasema siogopi, na hivyo nikakufundisha vibaya, ukadhani mtu akisema sina basi hana. Futa tiki zile.

Aliyeniambia ni Lea. Aliniletea maji akasema, "Mama, bibi analia eti moyo wako una tundu. Panauma?" Kisha akakaa kitandani akanitazama, hata kikombe hakukichukua, mpaka nilipomjibu kwamba panauma.

Mama, sina kinyongo. Ulilia peke yako siku zote hizo, na ungeniambia tungelia wawili. Nisamehe nilivyokununia.

Nililowaitia ni hili moja. Nikifa, Lea asiambiwe mama amesafiri. Mama yetu mzazi alipokufa tuliambiwa amekwenda Ulemo kwa shangazi. Selina ulikuwa unanyonya, hukumbuki, lakini mimi nilimchukia mwaka mzima kwa kuondoka bila kuniaga, na niliyemchukia alikuwa kaburini. Umwambie wewe, Selina. Asubuhi, akishakunywa uji, kabla kilio hakijaanza uani. Keti chini macho yenu yalingane. Sema amekufa, usiseme amelala, ataogopa kulala. Halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu, usipajaze maneno. Akiuliza mara kumi, mjibu mara kumi.

Unatikisa kichwa. Usiniambie dada utapona, hujui, wala mimi sijui. Unasema huwezi. Ni kweli, hujawahi kuona mtu akifanya, na mimi pia sijawahi.

Basi ngoja. Nipeni maji kidogo.

Mungu awatunze. Mama, upate wa kukushika mkono uzeeni. Baba Lea, nyumba yako isipoe. Selina, wagonjwa wako wakuamini, na wewe ustahili. Msigombane. Nimechoka, sitaki kuongeza... Fungueni mlango, mwiteni. Hapana mama, acha, nimeshaamua. Selina usitoke, kaa hapo uone nitakavyofanya, nikikosea utajua pa kurekebisha.

Lea. Njoo. Karibu zaidi, sauti ya mama imepungua. Kesho nakwenda mbali, watanitengeneza moyo. Nataka kurudi. Nataka sana. Lakini moyo unaweza kushindwa, nikafa, na nikifa sitarudi, na haitakuwa kwa sababu yako, wala kwa kuwa sikutaka...

Ndiyo, mwanangu. Naogopa.

Uliza lingine.