Walingoja Jina, Maji Yakapwa

Mama zangu, dada zangu, asalaam aleikum. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia nianze kwa upole. Upole wenyewe sina, nimeutafuta sijauona. Naanzia pale uliponiishia.

Ilikuwa siku ya kliniki, zahanati imejaa akina mama mpaka nje. Watoto wanapimwa uzito, huyu anashushwa kwenye mizani, yule anatundikwa. Nesi akaita kwa sauti, "Haya, Sijataja, zamu yako! Mlete huyo mtoto wa watu tumpime." Benchi zima likaangua kicheko. Hilo ndilo lilikuwa jina langu pale, Sijataja. Wengine hawakuwa hata na habari nilivyoitwa na wazazi wangu.

Nikaenda, nikamtundika mwanangu, bado wanacheka. Nikamshusha. Nikasema, "Unataka nitaje? Haya, leo nataja."

Kila mtu ametega sikio apate jina la mwanamume wa kwenda kulitafuna nyumbani.

Nikamnyooshea nesi kidole. "Ni wewe. Wewe ndiye uliyetaka kumuua mwanangu."

Nyie wa huku Kibiti labda hamlijui jambo hili, au mnalijua mnajifanya. Kwetu visiwani, mwali wa mimba ya kwanza akishikwa na uchungu, mtoto akachelewa, hakuna anayesema mtoto kakaa vibaya. Wanasema ana siri, katembea nje ya ndoa. Basi anaambiwa ataje. Akimtaja huyo mwanamume, njia inafunguka, mtoto anashuka. Asipotaja, atakufa na siri yake.

Mimi nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu msiniulize, lakini mada ya uzazi niliielewa. Kliniki waliniambia mapema kabisa, wewe mfupi, mimba ya kwanza, mwezi ukikaribia uende ukakae karibu na hospitali. Nikamwambia mama mkwe. Akasema, "Mkaza mwana, mimi wangu wote nimewazalia humu ndani. Huko bara utakaa kwa nani? Nani atakuchemshia maji?" Miguu ilikuwa imevimba hata ndara haziingii. Mume wangu yuko ndani ya mikoko anakata boriti. Nikabaki.

Uchungu ukanishika alfajiri. Lilikuwa bamvua, maji yamejaa mpaka chini ya sakafu, maana nyumba zetu ni za juu ya nguzo, boti ya jirani inaelea hapo hapo kwenye ngazi, mafuta yamo. Nikasema nipelekeni. Mkunga wetu wa nyumbani akaziba mlango kwa mwili wake. "Ataje kwanza. Hatupandi majini na mtu mwenye siri tumboni, atatuzamisha wote."

"Nimtaje nani? Mimi namjua mume wangu tu."

"Huyo hatumhesabu."

Mmecheka? Chekeni, hata mimi sasa naicheka. Siku ile nilikuwa nimeng'ata kanga mpaka imetoboka. Mama mkwe ananishika miguu huku machozi yanamtoka. "Taja, mwanangu. Taja tu, hatutamwambia mtu." Alinipenda, nawaambia kweli. Alidhani ananiokoa. Na mapenzi yake yale karibu yanizike.

Jua linapanda, maji yanapwa. Sikuyaona, niliyasikia. Aliyezaliwa kwetu anaijua sauti ile, maji yakiondoka yananyonya tope. Adhuhuri boti imelala ubavu kwenye matope, kaa wanatembea juu yake. Ndipo mkunga akasema, "Labda tumpeleke." Mnipeleke kwa mbawa?

Tukangoja maji mengine. Zahanati nilifika jioni, sina sauti. Nilipoiona sare ya nesi nikasema moyoni, alhamdulillah, huyu kasoma. Hakunigusa. Alimgeukia mama mkwe akamuuliza, "Ameshataja?"

"Hajataja."

Akacheka. "Mlazeni pale. Akitaja mniite." Akarudi kwenye simu yake.

Jamani. Mkwe wangu hakusoma, tutamalizana nyumbani. Lakini yule amesomea! Kwenye mikono yake ndipo nilipokata tamaa. Nikawaza, kumbe hata serikali inangoja jina.

Tabibu alikuwa ametoka kwenda kumwona mgonjwa kijijini. Aliporudi akanipima, akakunja uso, hakuniuliza mambo ya waume. Akapiga simu, akatafuta boti, akanipandisha mwenyewe. Hospitalini wakanipasua. Mwanangu alitoka wa kijivu kama tope, hakulia. Wakampampu hewa mpaka akatoa kisauti cha paka.

Mkadhani nilipona hapo? Kidonda kikatunga usaha. Maziwa yakagoma. Mtoto shingo haikazi, mara ananyooka na kukakamaa, macho juu. Kijijini wanasema kapasuliwa kwa sababu hakutaja. Mume wangu akawa anamgeuza mtoto vidole vya miguu, anamtazama masikio, kama mtu anayechagua samaki mnadani. Anatafuta alama za mwanamume mwingine. Afadhali angesema.

Kuna siku nilisimama ukingoni, mtoto mgongoni, maji yamejaa. Nikaona ni jambo rahisi tu, hatua kidogo. Nalisema mbele yenu bila haya kwa sababu huenda yumo humu aliyesimama pale pale. Mtoto akanikojolea. Mkojo wa moto, ukanishuka mpaka miguuni. Nikarudi nyumbani kumbadilisha nguo. Hicho ndicho kilichotuokoa, sina muujiza mwingine wa kuwapa.

Sasa turudi kliniki. Nesi alinifukuza, "Toka, mwendawazimu!" Nikatoka, nikakaa chini ukutani. Mwanamke mmoja akanifuata. Sura yake naijua, ni mmoja wa waliocheka. Akachuchumaa karibu yangu, akanong'ona.

"Mimi nilitaja."

"Ulimtaja nani?"

"Mchuuzi wa samaki. Nilimsikia anapita nje ananadi, nikasema ni huyo huyo. Maji yalikuwa yanapwa, dada. Nilitaka boti."

Boti alipewa. Mtoto wake alizaliwa mzima. Talaka ikamfikia kabla ya arobaini, na yule mchuuzi, maskini, hakuikanyaga tena ngazi ya nyumba ile.

Akaniambia, "Ningekuwa na ujasiri wako, nisingetaja."

Nikamwambia, "Ningekuwa na akili yako, mwanangu leo angekuwa anakaa."

Tukalia pale kama wafiwa. Tulipomaliza nilikuwa mtu mwingine. Siku zote nilidhani aibu ni yangu peke yangu. Kumbe kila mwanamke kwenye benchi lile alikuwa ametaja, au amenyamaza, na wote tumelipa.

Sanduku la maoni pale zahanati lina kufuli, ufunguo hakuna anayejua uliko. Nikaja huku wilayani. Karani akanitazama, "Mama, unataka kulalamikia mila?" Nikamwambia, "Mila sijui ofisi yake iko wapi. Namlalamikia mtumishi." Jibu bado sijapata.

Namshukuru tabibu yule. Namshukuru dada yule aliyemtaja mchuuzi wa samaki, amekubali kusimama nami kama shahidi. Nawashukuru nyie mnaombeba mwanangu kwa zamu nami nikapata usingizi. Na mume wangu pia, maana safari hii alimfunga mtoto kifuani akatuleta mpaka huku, na vidole hakuvitazama. Funzo langu ni moja: mwali akishikwa na uchungu, yatazameni maji, msimtazame mdomo.

Hapa sitaji mtu, ndivyo kikundi chetu kilivyokubaliana. Lakini nilichokiandika kule ofisini nawasomea:

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Nilifika zahanati nikiwa na uchungu tangu alfajiri. Mtumishi wa zamu hakunipima. Aliuliza kama nimemtaja mwanamume, akaagiza nisihudumiwe mpaka nitaje. Mwanangu alichelewa kutoka na sasa hawezi kukaa. Naomba mtumishi huyo aitwe ajibu, na swali hilo lisiulizwe tena kwa mwanamke yeyote katika chumba cha kuzalia. Jina lake nimeliandika hapa chini kwa ukamilifu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniambia nitaje."