Seva ya Marehemu

Kwenye treni ya asubuhi, mama mwenye maduka ya dawa alimbana kwa maswali fundi wa kompyuta aliyekaa karibu naye kwa bahati yake mbaya. Anunue seva mpya, sawa, lakini aiwekee mfumo wa Windows au wa Linux?

"Linux, mama. Haitakusumbua."

"Shemeji yangu anang'ang'ania Windows. Anasema ndiyo anayoijua."

"Basi ajifunze nyingine, kwani ni mzee?" Fundi alikuwa na mdomo. Mimi nilijifanya nasoma gazeti, nalo nililishika juu chini.

"Ya zamani inatumia nini?" fundi akauliza.

"Hata sijui, mwanangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeiwasha, na tangu tumzike hatujaizima. Neno la siri aliondoka nalo. Tumeibandikia karatasi: USIZIME."

Fundi akashika kichwa. "Mungu wangu! Dawa zote, madeni yote, wateja wote wamo humo? Nakala mmeweka wapi?"

"Nakala ya nini?"

Hapo hata mimi nikashusha gazeti.

"Mama, ya Windows na Linux tuyaache. Asiiguse mtu mpaka nije niinakili. Umenielewa? Mtu yeyote!"

Treni ilikuwa inapunguza mwendo simu ya mama ilipoita. Akaiweka kwenye spika. Sauti ya kiume ilijaa furaha: "Shemeji, usinunue tena mashine! Nimeisafisha hii hii ya kaka, nimefuta takataka zote, Windows inaingia vizuri kabisa!"

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo changu, na sikushuka.