Kemia ya Tomati

Mbele ya duka la Generoza, kule Okolona, kusini mwa Louisville, Marekani, kuna benchi ambalo kila Jumapili baada ya ibada hugeuka chuo kikuu. Wahadhiri wake ni watatu. Jean-Baptiste, Mkongo, huitwa Bondonki, kwa kuwa hawezi kuanza kusema bila "bon, donc", yaani "sawa, basi" ya Kifaransa. Cosmas, Mtanzania, huitwa Profesa, kwa kuwa aliwahi kumbebea profesa mkoba. Wa tatu ni Masumbuko, Baba Rakeli, mgane anayesema polepole kama asomaye zaburi. Jumapili hiyo alikuja na neno zito. Binti yake, aliyekuwa akisoma kemia huko Columbus ili baadaye aingie chuo cha udaktari, alikuwa ameanguka mtihani wa kemia ya organiki. Aliomba kurudia mwaka. Alikuwa akingoja jibu la baba jioni hiyo.

— Organiki? Bon, donc, hiyo najua, akasema Bondonki. Wanaiandikaka kwa tomati ya bila dawa. Bei mara mbili, na mdudu iko ndani! Mutoto anaanguka juu ya tomati?

— Si nyanya, bwana, akasema Profesa. Ni mambo ya ogani. Figo, ini, bandama.

— Hiyo tulisoma kwa mbuzi, bure.

— Rakeli alisema ni kaboni, akajibu Masumbuko.

— Kaboni njo makala ya kupikia! Bondonki akajipiga goti. Muntu anatoka Kongo, anavuka bahari, anaenda Columbus kusomea makala? Mama yangu aliuza makala Uvira maisha yote. Kumbe alikuwa docteur!

— Mimi nawaambia, hilo somo ni chujio, akasema Profesa. Wakifaulu wote, nani atabeba maboksi? Wenye maghala walikaa kikao kule Jeffersontown, wakapanga nani aanguke.

— Ulikuwako? akauliza Masumbuko.

— Lisemwalo lipo. Na kama halipo, mimi nilikuwepo.

— Donc arudi nyumbani! Mutoto wa ndugu yangu kule Buffalo aliacha chimie. Leo anafanya kazi kiwandani Tonawanda, iko na motokari mpya. Haraka haraka haina baraka, donc aache haraka.

— Ndivyo, Baba Rakeli. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye...

Profesa akajisikia mwenyewe, akaiacha methali katikati. Kikombe chake kikabaki hewani.

Albina, mpwa wa Generoza aliyefika jana kutoka Buffalo, alikuwa akimimina kahawa.

— Samahani, baba. Nimesikia mama yake Rakeli alifariki. Aliugua nini?

Bondonki akamtazama Profesa. Profesa akatazama lami.

— Daktari alisema, akajibu Masumbuko. Alisema kwa Kiingereza. Rakeli, angali mtoto, akatufasiria: mama anarudi nyumbani.

— Tulifanya shukrani ya kupona, akasema Bondonki. Hapakuwa na bon, wala donc. Tulipiga ngoma. Mimi nilikula mbuzi.

Masumbuko aliiona tena kwaya ikiimba mlangoni, na mkewe akiingizwa kwa machela, akitabasamu kwa adabu. Kumbe hospitali ilikuwa imemruhusu aje kufia kitandani pake. Siku ya mazishi Rakeli alimwambia: "Papa, yale maneno niliyajua yote. Sikujua maana." Naye akamjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, wakafunga mlango hapo.

— Lakini huo ugonjwa, baba, akauliza tena Albina kwa upole, ulikuwa unaitwaje?



Masumbuko akainuka, akatoa simu, akampigia binti yake.

— Rakeli, mama. Rudia hilo somo. Likikuangusha tena, rudia tena.

Msichana akaanza kusema haraka haraka, kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

— Ngoja, mama, akasema Masumbuko. Kuna kitu sikukuuliza siku zile. Mama yako aliugua nini? Niambie kwa Kiswahili. Na kama neno lake halipo, tutalitafuta pamoja.